Ziara ya Miguu hadi Ibañeta: Nzuri, ila Mwaka 824 Umepitwa Haraka

Ziara hii ya kuongozwa, inayovuka milima ya Pyrenees, mpakani mwa Ufaransa na Hispania, kutoka Saint-Jean-Pied-de-Port hadi Roncesvalles, inastahili gharama yake. Mwongozaji hakuishia kwenye hekaya ya Roland, kamanda wa jeshi la Wafranki (watu waliotawala Ufaransa ya kale), kupambana na Waislamu, bali alieleza wazi kwamba waliokishambulia kikosi cha nyuma cha Charlemagne, mfalme wa Wafranki, tarehe 15 Agosti 778, walikuwa Wabaski, wenyeji wa milima hiyo, na kwamba mfalme huyo alikuwa ametoka kubomoa kuta za mji wao wa Pamplona. Alitusimamisha kwenye kipito cha mlimani cha Ibañeta, mita 1,057 juu ya usawa wa bahari, tukaona jinsi miteremko yenye misitu ilivyowafaa washambuliaji wenye silaha nyepesi kuliko askari waliolemewa na mizigo.

Kasoro ni shambulio la pili, la mwaka 824, lililotajwa kwa sentensi moja tu. Makabaila wawili wa Wafranki, Aeblus na Aznar, walitekwa milimani humo wakirejea kutoka Pamplona; Aeblus alipelekwa Córdoba, makao ya watawala Waislamu wa Hispania, ilhali Aznar aliachiliwa kwa sababu ya udugu wa damu na waliomteka. Kisa hicho, kwa maoni yangu, kinaeleza udhaifu wa mamlaka ya Wafranki mpakani kuliko kifo cha Roland. Chakula kilikuwa cha kawaida. Anayekwenda achukue koti, kwani ukungu hushuka ghafla.