Besimenti ya Kuinama, Taa za Chapati

Haya jamani, karibuni tena. Leo tuko besimenti, yaani chumba cha chini ya nyumba, hapa Minneapolis, Marekani, na kama mnavyoona nikiinua mkono hivi, kiganja kinalala darini na kiwiko bado kimekunjika. Futi 7 kamili. Pale linapopita bomba la bati la hewa ya moto ni futi 6 na nusu, na mimi nina futi 6 na inchi 1. Hesabu mnaiona.

Aliyekuwa na nyumba hii kabla yetu alituachia taa ya kuning'inia, ya kioo, nzuri sana pichani. Shemeji yangu alikuja Krismasi, akainuka kupokea sahani ya pilau, akaipiga kichwa. Pilau ilipona.

Ndiyo nikanunua hizi, taa bapa za LED za kuchomeka darini. Ngoja nisogeze kamera. Sisi hapa nyumbani tumezibatiza taa za chapati, maana ni duara la inchi 6 na unene wake ni kama nusu inchi. Hazina lile kopo la taa za zamani linalopanda ndani ya dari. Kuna hiki kiboksi bapa cha nyaya, unakilaza juu ya jipsamu, kando ya tundu. Kisha springi hizi 2 unazikunja kwenda juu, unasukuma, tap! Imeshika. Chungeni vidole, zinafyatuka kama mtego wa panya. Ukucha huu mweusi si rangi.

Sasa sikieni kosa langu. Ubavuni mwa kiboksi kuna swichi ndogo, kama punje ya mchele. Hapo ndipo unapochagua rangi ya mwanga, kuanzia kelvini 2700, ya manjano, hadi 5000, nyeupe. Mimi sikuiona. Nikafunga zote 6, nikawasha, besimenti ikawa duka la dawa. Weupe wa kibluu, kila mtu anaonekana mgonjwa. Na swichi iko wapi? Juu ya dari! Nikazishusha moja moja. Wekeni 2700 au 3000 kabla hamjazipandisha, hasa nyie mnaoishi huku ambako Desemba saa kumi na moja jioni jua limeshazama.

Chumba ni futi 12 kwa 15. Nimepanga mistari 2, taa 3 kila mstari, futi 5 kati ya taa na taa, na futi 2 na nusu hadi ukuta wa mwisho. Dari ikiwa chini, mwanga haupati nafasi ya kutawanyika, kwa hiyo taa 2 kali zitakupa madoa 2 sakafuni na kona zote giza. Bora nyingi za wastani. Kila moja hapa ni wati 12, jumla 72. Haifiki hata balbu moja ya zamani ya wati 100. Kazi ya nyaya nilimwachia fundi mwenye leseni, mimi nilitoboa tu.

Ubaya wake? Ukiegemea kochi zinatia kiwi. Uso wa taa uko sawa na dari, haukuzama, basi mwanga unakujia machoni moja kwa moja. Dawa ni dima, ile swichi ya kupunguza mwanga, lakini iwe ya LED. Ile niliyoikuta ukutani ilizifanya zipepese na kuvuma kama mbu. Kona ya TV nimeweka taa ya kusimama inayomulika ukuta kwenda juu. Tazameni, naizima... naiwasha. Mnaona dari ilivyopanda? Hiyo ndiyo ningeinunua kwanza kabla ya chapati zote.

Nazipa 8 kwa 10.

Na wale mnaoniuliza kama mnaweza kuzipakia begini mpeleke Dar au Mombasa: hizi zangu zimeandikwa volti 120. Kule umeme ni volti 230 na zaidi. Itawaka, ndiyo. Mara moja.