Dirisha la masasisho likigoma, mimi nakwenda kwa apt

Kompyuta ya dukani kwangu ni Dell OptiPlex ya mtumba, RAM GB 4, na mfumo wake endeshi, badala ya Windows, ni Linux ya ukoo wa Debian. Kazi zake ni zile za stationery yoyote: kuchapa barua, kuskani vyeti, kujazia watu fomu mtandaoni. Leo napima vitu viwili vinavyofanya kazi moja: lile dirisha la masasisho linalojitokeza lenyewe, na apt, amri ya kusakinisha na kusasisha programu, ambayo wengi wanaikwepa kwa sababu lazima uiandike kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri kwa maandishi.

Siku ikiwa njema, dirisha halina neno. Linakuonyesha orodha, unabofya, unaweka paswedi, unaendelea na wateja. Ila kwetu umeme ulikatika likiwa linapakua orodha za vifurushi, yaani programu zinazoweza kusakinishwa, na UPS yangu, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika, ni UPS jina tu. Uliporudi, kila nikilifungua linatokea, linazunguka kidogo, linajifunga. Halisemi lolote. Ukilibofya tena, yale yale. Hapo ndipo linaponichosha: programu ikikwama iseme imekwama wapi, isinikimbie.

Fundi mmoja wa mtaani akaja kutazama, akasema dawa ni kupiga mfumo upya, elfu thelathini, na kazi za wateja nizihamishie kwenye flashi. Hawa kila ugonjwa wanautibu hivyo hivyo, kama zahanati yenye panadoli peke yake. Nikamshukuru, akaenda zake, nikafungua terminali na kuandika:

sudo apt update

Hiyo sudo mbele inaipa amri mamlaka ya msimamizi wa kompyuta. Jibu lilikuja hapo hapo: kuna tatizo la MergeList, yaani la kuunganisha orodha, na faili lenye tatizo ni hili hapa, ndani ya /var/lib/apt/lists, halisomeki. Yaani umeme ulikatika faili likiwa limeandikwa nusu. Dirisha nalo linategemea orodha hizo hizo, kwa hiyo kila likifika kwenye ile nusu linaanguka. Ndani ya folda hiyo hamna kitu cha kulilia, ni orodha tu na zinapakuliwa upya. Nikazifuta:

sudo rm -r /var/lib/apt/lists/*
sudo apt update

Tafadhali soma mstari huo wa kwanza herufi kwa herufi kabla hujabonyeza Enter. Ukiacha nafasi kabla ya ile nyota, rm itafuta na vitu vya folda uliyosimama, na haitakuuliza. Baada ya hapo orodha zilishuka, zikala bando langu kiasi, na dirisha likafunguka kama vile hakuna kilichotokea.

Kinachonifanya niisifu apt ni kwamba mara nyingi inakutajia ugonjwa, na mara nyingine dawa pia. Umeme ukikatika katikati ya kusakinisha, yenyewe itakwambia uandike sudo dpkg --configure -a, ili dpkg, programu ya chini yake inayosakinisha hasa, imalizie ilipoishia. Patisheni ya /boot, kipande cha diski cha kuwashia kompyuta, ikijaa kerneli (kiini cha mfumo) za zamani, sudo apt autoremove kwa kawaida inaziondoa. Na ile ninayoipenda kuliko zote: bando likiisha, kuna mitandao ya simu inayokurudishia ukurasa wa kununua bando mahali pa kile ulichoomba. Dirisha lingekuacha unakuna kichwa. apt inaandika NOSPLIT, halafu inakuuliza kama mtandao wako unataka ujitambulishe kwanza. Unaelewa mara moja kwamba tatizo ni salio, kompyuta haina kosa.

Neno moja kuhusu kufuli, faili linalozuia programu mbili zisisakinishe kwa wakati mmoja. Ukiambiwa /var/lib/dpkg/lock-frontend imeshikwa, mara nyingi ni masasisho ya kujiendesha yanafanya kazi nyuma ya pazia. Kanywe chai, urudi. Wapo wanaoshauri ulifute lile faili la kufuli ili mambo yaende haraka. Hao wasikilize kwa sikio moja, maana programu mbili zikiandika kwenye hifadhidata ya dpkg kwa pamoja utamwita yule fundi wa elfu thelathini kwa mikono yako mwenyewe.

apt si kitu kigeni cha majaribio. Mfumo wake umo tangu Debian 2.1 ya mwaka 1999, na amri hii fupi, pamoja na ule mstari wa maendeleo unaosogea chini ya skrini, ilikuja na toleo 1.0 mwaka 2014. Binti ninayefanya naye kazi hajaipenda bado, anasema maandishi ni mengi na yanapita mbio, na hapo simbishii. Mwenyewe husoma mistari ya mwisho tu, ile inayoanza na herufi E, kwa kuwa ndiyo yenye kosa.

Dirisha nalipatia nyota mbili kati ya tano, kwa ajili ya siku njema. apt nyota nne na nusu. Hiyo nusu nimeikata kwa sababu makosa yake yameandikwa kwa Kiingereza cha mafundi, na mteja aliyesimama kaunta akiyaona kwenye skrini anachukua vyeti vyake anahamia duka la jirani.