Kufupisha na kueleza upya: kazi mbili za mwaka wa kwanza chuoni

Mwanafunzi anayeanza chuo hapa Bagamoyo huwa ameshafundishwa ufupisho sekondari, lakini kueleza upya wazo la mwandishi kwa maneno yake mwenyewe ni kazi ambayo wengi hukutana nayo kwa mara ya kwanza.

Tuchukue sentensi ya mfano: "Mwaka 1891 Wajerumani walihamisha makao makuu ya utawala wao kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam, kwa kuwa maji ya pwani ya Bagamoyo yalikuwa na kina kifupi na meli kubwa hazikuweza kutia nanga karibu na ufukwe." Anayefupisha ataandika kwamba kina kifupi cha maji kiliinyima Bagamoyo hadhi ya makao makuu. Anayeeleza upya hubakiza mwaka, sababu na miji yote miwili, ila hupanga upya maelezo: meli kubwa zilishindwa kusogea ufukweni Bagamoyo, ndipo mwaka 1891 utawala wa Kijerumani ukahamia Dar es Salaam.

Ufupisho hufaa sura nzima. Kueleza upya hufaa aya yenye hoja nzito. Hili la pili ndilo gumu zaidi, nami naliona kuwa kipimo cha kweli cha uelewa, kwa sababu anayebadilisha neno mojamoja kwa visawe, huku mpangilio wa sentensi ukibaki uleule, bado amenakili. Afadhali afunge kitabu, aandike alichokielewa, kisha alinganishe na matini asilia. Kwa vyovyote vile, chanzo lazima kitajwe.