Mati Si Moja: Lipstiki Sita Mbele ya Chai, Chipsi na Joto

Weka mezani lipstiki mbili nyekundu: Ruby Woo ya MAC, ambayo ni ya kijiti, na Pioneer ya Maybelline SuperStay Matte Ink, ambayo ni ya maji. Zote zinauzwa kwa jina la mati, na zote zikishakaa mdomoni hazing'ai. Sasa kunywa chai ya maziwa. Ya kwanza inaacha alama ya mdomo kwenye ukingo wa kikombe; ya pili inauacha ukingo mweupe. Kula chipsi mayai. Ya kwanza inafifia taratibu, karibu sawa mdomo mzima. Ya pili inamomonyoka kwa ndani, pale midomo inapokutana, na kukuachia duara la rangi pembeni. Jioni pangusa kwa tishu yenye maji: ya kwanza sehemu kubwa inatoka, ya pili haina habari na wewe.

Mati, kwa hiyo, inakueleza kitu kimoja tu: mwanga ukiipiga rangi hiyo haurudi pamoja kama kwenye kioo. Haikuelezi rangi imeshikwa na nini. Hayo ni mambo mawili, mng'ao na mchanganyiko, na kaunta nyingi za vipodozi huyauza kama jambo moja. Mteja anaondoka na mati ya maji kwa sababu alipenda mati ya kijiti ya rafiki yake, kisha analalamika midomo imekauka kama gome.

Lipstiki ya kijiti ni nta, mafuta na rangi. Nta ndiyo inayokisimamisha kijiti: ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 65 za Selsiasi, ya karnauba, itokayo kwenye majani ya mti wa Brazil wa jamii ya michikichi, huhimili hadi nyuzi 82 au zaidi. Mafuta ya zamani na yanayotumika mpaka leo ni ya mbarika, kwa sababu ni mazito na huibeba rangi vizuri bila kuiacha ituame. Ukizidisha mafuta unapata krimu inayoteleza na kung'aa. Ukiyapunguza, ukaongeza rangi na unga laini kama silika au kaolini, unapata mati. Unga huo huufanya uso wa rangi uwe na vinundu vidogo visivyoonekana kwa macho, na mwanga hutawanyika badala ya kurudi pamoja. Ndiyo maana mati ya kijiti huonekana kukazia rangi, na ndiyo maana pia hukwaruza: mafuta ya kuiteleza hayapo.

Ruby Woo, iliyotoka mwaka 1999, ni mfano mkali wa hilo. MAC kwa miaka mingi ilizigawa lipstiki zake kwa majina ya mng'ao, kama Matte, Satin, Amplified, Cremesheen, Lustre na Frost, na hii waliiweka kwenye kundi la Retro Matte, kavu kuliko Matte ya kawaida. Kijiti cha gramu 3. Wekundu wake una ubuluu ndani yake, jambo linalofanya meno yaonekane meupe zaidi, na umekolea kiasi cha kufunika hata mdomo mweusi kabisa. Shida ni kuipaka. Ukiiburuta juu ya mdomo mkavu inashika hapa na kuruka pale, na kila kigaga kinaonekana.

Namna inavyokubali ni hii. Paka mafuta ya mdomo au Vaseline kiduchu dakika kumi kabla, ukiendelea na uso. Kisha yapanguse yote. Yakibaki, rangi itateleza mpaka kwenye mistari ya pembeni. Jaza mdomo mzima kwa kalamu nyekundu ya mdomo, si mstari wa pembeni tu, halafu anza kupaka katikati kwa kugonga kijiti taratibu, usivute. Bana tishu katikati ya midomo mara moja, piga mkono wa pili. Ukitaka ivuke mlo, tenganisha tishu ipate tabaka moja, iweke juu ya mdomo na upitishe poda isiyo na rangi juu yake kwa brashi; poda inayopenya ndiyo inayotakiwa, zaidi ya hapo mdomo unapauka. Kwa hukumu yetu, hii ndiyo nyekundu ya kununua kama unavumilia ukavu na hujali kurudia rangi baada ya kula. Kurudia ni rahisi, maana mkono mpya hukaa juu ya wa zamani bila ugomvi. Lipstiki ya maji haikupi raha hiyo.

Revlon Super Lustrous iko upande wa pili wa ukoo huohuo. Kijiti cha gramu 4.2, mafuta mengi, kinapakika bila kioo. Za mng'ao wa krimu ni za kuaminika: zinajaza mistari ya mdomo, hazionyeshi ukavu, na hutoka kwenye kila kikombe utakachokigusa, kwa hiyo kama unavaa barakoa au mtandio unaopita mdomoni, sahau. Za lulu zinahitaji tahadhari zaidi. Kumeta kwake hutoka kwenye vipande vidogo vya maika, madini yanayometa, na rangi nyingi nyepesi za kundi hili huchanganywa na titani dioksidi, unga mweupe uleule unaotumika kwenye rangi za ukuta. Kwenye ngozi ya maji ya kunde na nyeusi, weupe huo huibuka juu, na mdomo unaonekana kama umelamba unga wa sembe. Tatizo hilohilo liko kwenye lipstiki nyingi za rangi ya ngozi zilizokusudiwa ngozi nyeupe. Tafuta zenye kahawia, udongo au zambarau ndani yake, na ukitaka kumeta chagua za dhahabu au shaba badala ya fedha.

Satini ni krimu iliyopunguzwa mng'ao. Kwa anayenunua lipstiki moja tu ya kazini, aanzie hapo.

Sasa lipstiki ya maji, ambako malalamiko ndiko yanakozaliwa. Ndani ya kichupa hakuna maji. Soma orodha ya viambato: karibu na mwanzo utakuta isododecane, mafuta mepesi sana yanayopaa hewani, na mara nyingi trimethylsiloxysilicate, utomvu wa silikoni. Ukishapaka, cha kwanza kinapaa, cha pili kinabaki kama ngozi nyembamba iliyoikumbatia rangi. Hiyo ngozi haiyeyuki kwenye maji wala mate, ndiyo maana chai haiisumbui. Mafuta yanailainisha, ndiyo maana chipsi, sambusa na pilau zinaibandua. Na kwa kuwa ngozi hiyo haina unyevu wala mvutiko mwingi, mdomo unaonyooka kucheka unaweza kuipasua.

Hapa tofauti kati ya chapa ni kubwa. SuperStay Matte Ink, mililita 5, inadai saa 16. Imeongezewa polima ya nailoni na silikoni inayoifanya ijinyooshe, hivyo haipasuki upesi kama mati nyingi za bei ndogo. Gharama yake ni kunata: hata baada ya kukauka, ukibana midomo unasikia inashikana kisha kuachiana. Wapo wasiolijali hilo, wapo linalowatia wazimu. Ncha ya kidole yenye poda kidogo, ikigongwa juu baada ya dakika tano, hupunguza kunata bila kubadili rangi sana. Stunna Lip Paint ya Fenty Beauty, mililita 4, ilianza mwaka 2017 na rangi moja nyekundu iitwayo Uncensored. Ni nyepesi zaidi mdomoni, karibu huisikii, na brashi yake iliyochongoka inachora mpaka bila kalamu. Lakini ni nyembamba, na mkono ukitetemeka kosa linaonekana. Kwa mlo wa mafuta, Maybelline inashika zaidi. Kwa mtu asiyependa kusikia kitu mdomoni, Fenty.

Upakaji wa lipstiki ya maji una mpangilio, na aliyepatwa na mikasa mingi kwa kawaida ameruka hatua mojawapo. Usiku uliotangulia au asubuhi, sugua midomo kwa nusu kijiko cha chai cha sukari iliyochanganywa na matone machache ya mafuta ya nazi, suuza. Kabla ya kupaka, pangusa mpaka tishu itoke kavu. Mafuta yakibaki chini, ngozi ya silikoni haina pa kushika na itavulika vipande baada ya saa moja. Futa brashi kwenye shingo ya kichupa, piga mkono mmoja mwembamba kuanzia katikati ya mdomo wa chini, kisha wa juu. Acha mdomo wazi kidogo dakika mbili. Usibane midomo. Hilo la kubana, ambalo kwenye kijiti ni mazoea mema, hapa ndilo linaloharibu: rangi iliyokauka nusu inashikana na mwenzake na kung'oka.

Mkono wa pili upige wakati wa kwanza bado una ubichi kidogo, au usipige kabisa. Ukipaka juu ya rangi iliyokwisha kauka tangu asubuhi, kiyeyushi kipya kinailegeza ya zamani nusunusu, inajikunja, inaanza kutoa takataka kama za raba ya penseli. Ikishamomonyoka katikati baada ya chakula, pamba yenye tone la mafuta itoe yote ya katikati, pangusa mafuta, ndipo urudishe hapo tu. Na usiku usiitoe kwa maji na sabuni ukisugua mpaka mdomo uvimbe. Mafuta ya nazi au ya kupikia, sekunde thelathini bila kusugua, kisha pamba. Inateleza yenyewe.

Black Honey ya Clinique ni dawa ya aliyechoka na hayo yote. Rangi hii ilianza mwaka 1971 kama glosi ya kwenye kikopo, na ilipewa umbo la kijiti chembamba cha Almost Lipstick mwaka 1989. Ndani ya kijiti inaonekana nyeusi. Mdomoni ni zambarau ya zabibu iliyo wazi, kwa kuwa rangi ni kidogo na mafuta ni mengi. Sifa zake nyingi zimeandikwa na wenye midomo ya waridi, na hapo ndipo mnunuzi wa kwetu anapotakiwa kusoma kwa makini. Rangi iliyo wazi haifuniki, inajumlishwa na iliyopo chini. Kwenye mdomo wa kahawia inatoa wekundu wa mbali na mng'ao mzuri, basi. Kwenye midomo ya rangi mbili, wa juu mweusi na wa chini mwekundu, inaiacha tofauti ilivyo. Ukitaka kuisawazisha, jaza mdomo wa chini kwa kalamu ya kahawia kwanza. Gramu 1.9 tu, na kwa ulaini wake huisha upesi. Tinti za majimaji zinazoacha doa mdomoni zina kasoro hiyohiyo ya kutofunika, ingawa doa lenyewe hukaa muda mrefu.

Glosi haihitaji mengi. Gloss Bomb ya Fenty, rangi ya Fenty Glow, mililita 9, haina ule utandu wa gundi unaonasa nywele upepo ukivuma, na inakubali kukaa juu ya kalamu. Usiiweke juu ya lipstiki ya maji isiyotoka: mafuta yake yataanza kuibandua kazi yako yote. Kuhusu mtindo wa wanja pembeni na glosi katikati, unapendeza, lakini angalia wanja wenyewe. Si kila rangi inayoruhusiwa machoni inaruhusiwa mdomoni. Marekani, kwa mfano, inazuia ultramarini na kijani cha kromi kwenye vipodozi vya mdomo huku ikiziruhusu rangi hizo kwenye vipodozi vya macho. Wanja mweusi au wa kahawia wa oksidi ya chuma hauna neno. Wa rangirangi, hasa buluu na kijani, uache jichoni.

Joto la pwani nalo lina lake. Kijiti kikiachwa kwenye gari lililofungwa juani kinalegea, na kikipoa kinarudi kimepinda au kina vitone vya mafuta juu, kama kimetoka jasho. Vitone vikiwa havina harufu, vipanguse utumie. Kikinuka kama mafuta ya kupikia yaliyokaa, kimechacha, tupa. Mchoro wa kikopo kilichofunguliwa wenye 12M au 24M unahesabu miezi tangu siku ya kufungua. Lipstiki ya maji iliyoganda usiiongezee maji, manukato wala asetoni. Kiyeyushi kimekwisha kupaa na uwiano wake haurudi.

Dukani, usipake ya majaribio mdomoni, maana malengelenge ya mdomo huambukizwa kwa kugusana. Jaribu kwenye ncha ya kidole, ambako rangi inakaribiana na ya mdomo kuliko mgongoni mwa mkono. Kwa chapa kubwa, tazama namba ya toleo chini ya kijiti na ulinganishe na sanduku. Ruby Woo halisi hunukia vanila, na ikinuka kama plastiki iache hapohapo. Rangi uliyopaka kidoleni isubiri dakika tano, ibane kwa tishu, kisha pitisha juu yake kidole kingine chenye mafuta kidogo. Ikihamia kwenye tishu, ni ya kijiti hata kama imo kwenye kichupa. Isipohamia kwenye tishu lakini ikasogea kwenye mafuta, itakufikisha jioni mradi chakula cha mchana si biriani.