Fleti ya Upanga au hoteli ya Kariakoo? Uzoefu wangu wa kulala Dar

Nakaa Dodoma, na Dar es Salaam huwa inaniita kwa mambo mawili: kazi za ofisi, na kliniki ya Mama pale Muhimbili. Nikienda kikazi nalala hotelini, Kariakoo au Posta. Nikienda na Mama tunachukua fleti Upanga, na wanangu wawili wakiwa likizo nao wanaingia kwenye msafara. Mtu akiniuliza kipi bora, mimi namuuliza kwanza unaenda na nani, kwa sababu bei ya usiku mmoja peke yake inadanganya.

Hesabu zenyewe ni hizi. Fleti yetu ya mwisho, vyumba viwili na sebule, ilikuwa 150,000 kwa usiku. Hoteli niliyoizoea Kariakoo ni 85,000 kwa chumba, chai ya asubuhi ikiwemo. Kwa familia yetu hoteli maana yake ni vyumba viwili, 170,000, kwa hiyo haraka haraka fleti inashinda. Ila fleti ina 30,000 ya usafi inayolipwa mara moja tu: ukilala usiku mmoja inauma, ukikaa wiki huisikii. Mwenye fleti naye anataka alipwe kwa simu, na ujumbe wake unaishia pale pale tunapopajua wote: "Dada, utume na ya kutolea," yaani niongeze ada ya kutoa pesa.

Halafu kuna LUKU, umeme wa kulipia kabla. Hili watu hawalisemi mpaka umeshaingia ndani na mabegi. Uliza mapema kama umeme uko ndani ya bei au unajinunulia. Sisi tulikuta uniti chache zimeachwa kwenye mita, na namba ya mita ikatumwa WhatsApp. Joto la Dar mwezi wa kumi na mbili mnalijua. Kiyoyozi cha chumba kimoja kikifanya kazi kwa nguvu kinakula karibu uniti moja kwa saa, na vikiwa viwili usiku kucha unaamka uniti kumi na kitu zimekwenda. Ya 10,000 inakupa kama uniti 28, yaani siku mbili za kulala vizuri. Kile kidude cha kubonyezea namba kilianza kulia saa nane usiku, watoto wamelala, mimi natafuta miwani ili niingize tarakimu 20 bila kukosea. Na ukiingia mwanzoni mwa mwezi unaweza kukuta uniti zimepungua kuliko pesa uliyotoa, maana tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye LUKU. Mgeni wa siku chache unamlipia mtu kodi ya jengo lake! Nilimwandikia mwenye fleti, akanirudishia bila ubishi. Lakini ilibidi nidai.

Sasa kwa nini bado namchukulia Mama fleti? Jiko. Mama ana sukari na presha, na chai ya hotelini, hata iwe nzuri namna gani, ni chapati, maandazi, soseji na juisi ya boksi. Nikiwa peke yangu navila vyote kwa furaha. Yeye hawezi. Kwenye fleti nilikuwa natoka asubuhi na bajaji mpaka Feri kununua samaki. Pale unachagua changu wako, unampelekea kijana wa kupara, magamba yanaruka mpaka kwenye mtandio, na kabla hujamaliza kuhesabu chenji ameshakukabidhi samaki kwenye mfuko, ametolewa matumbo na kuchanjwa pembeni. Mchicha na nyanya unapitia soko la Kisutu. Saa sita mchana Mama anakula dona lake na samaki wa kuchemsha, na watoto wanapaka rangi mezani badala ya kurukaruka kitandani kwenye chumba cha hoteli.

Usitegemee jiko la fleti lina kila kitu lakini. Picha zinaonyesha mashine ya kahawa na glasi za mvinyo. Tulipofungua makabati tulikuta sufuria moja, kikaango kilichochubuka na visu visivyokata hata kitunguu. Mwiko hakuna! Nikanunua mwiko Kariakoo, na siku hizi unasafiri nasi kwenye begi pamoja na kisu changu.

Kilichonishinda ni lifti. Fleti ilikuwa ghorofa ya sita. Siku ya kliniki tumerudi mchana tukakuta umeme umekatika jengo zima. Jenereta ipo, ila inawasha taa za ngazi na pampu ya maji, lifti haimo. Mama magoti yake hayawezi ghorofa sita. Akakaa kwenye kiti cha mlinzi pale chini, mfuko wa dawa mapajani, mlinzi akamwamkia na kumletea maji ya kunywa, kumbe wote watu wa Kondoa, wakaanza kuulizana koo. Mimi nampigia mwenye fleti, hapokei. Alijibu jioni, umeme umesharudi: "Pole sana dada yangu, changamoto za umeme hizo." Hapo ndipo tofauti ilipo. Hotelini ningeshuka mapokezi na kusimama mbele ya mtu mpaka jambo liishe. Kwenye fleti meneja wako ni namba ya simu.

Kwa sababu hiyo hiyo, nikiwa peke yangu nachukua hoteli, sijiulizi mara mbili. Zile hoteli za kawaida bado zina daftari la wageni: jina, kabila, unakotoka, unakokwenda, namba ya kitambulisho. Wengine linawakera. Mimi mwanamke ninayesafiri peke yangu nafurahi kuna mtu usiku kucha anayejua niko chumba gani. Kwenye fleti ufunguo unaupata kwenye kiboksi mlangoni, na hujui nani mwingine anao. Jambo jingine, ofisi yetu haikubali madai ya malazi bila risiti ya EFD, ile inayotoka kwenye mashine ya kodi. Hoteli inakutolea hapo hapo. Mwenye fleti ukimtajia EFD anakutumia picha ya muamala wa simu.

Kariakoo ina kelele, sitaficha. Spika za matangazo zinaanza mapema na honi hazilali, kwa hiyo omba chumba cha nyuma na cha juu. Faida yake ni kwamba kituo cha mabasi ya mwendokasi kiko karibu, na stesheni ya treni ya SGR bajaji inakufikisha mara moja. Hoteli nyingi zinataka utoke saa nne asubuhi, ila mabegi wanakuwekea mapokezi hadi treni ya jioni. Kwenye fleti saa nne ile ile dada wa usafi ameshasimama mlangoni na ndoo, na hakuna pa kuacha begi.

Kuna watakaosema Mbezi Beach fleti ni kubwa, zina bwawa, na bei ni ile ile au chini. Kweli. Kwa likizo tupu nendeni. Kwa mtu mwenye kliniki saa moja asubuhi, foleni ya Barabara ya Bagamoyo itawaamsha kabla ya adhana ya alfajiri.

Kuhusu kulipa: ukikodi kupitia mtandao wa Airbnb pesa haifiki kwa mwenye nyumba mpaka kama saa 24 tangu uingie, kwa hiyo ukikuta mambo siyo una muda wa kulalamika. Fleti zinazotangazwa Instagram zinapungua bei kidogo, lakini ukishatuma kwa simu umeshatuma. Kabla ya kutuma mimi naomba video, siyo picha, na namwambia aanzie getini, apande lifti, afungue bomba la bafuni, aonyeshe na mita ya LUKU. Mkweli anairekodi siku hiyo hiyo.

Kliniki ya Mama inayofuata ni mwezi wa tatu. Nimepata fleti ya ghorofa ya kwanza, nyuma ya jengo, 140,000 umeme ukiwemo. Kaka mwenye fleti anataka nusu kwanza, na video bado hajatuma.