Kahawa ya kupunguza uzito: nilipungua, ndiyo, lakini duka lile silitaki tena

Kabla hamjasema nina wivu au nimetumwa na washindani wao, nikiri moja kwa moja: nilipungua. Kahawa ile inapunguza. Sketi yangu ya kazini ambayo nilikuwa naifunga kwa pini na kuificha chini ya blauzi ilifika mahali ikawa inazunguka yenyewe kiunoni. Wenzangu wa chama walianza kuniuliza siri kwa sauti ya chini huku tukihesabu michango. Kwa hiyo mimi si yule mteja aliyenunua kitu kisimfanyie kazi. Hasira yangu ni ya jambo lingine. Nimeiacha ipoe kwa wiki kadhaa, imekataa kupoa.

Duka liko Kisumu mjini, ghorofani, si mbali na Oginga Odinga Street. Jina silitaji. Ukipanda ngazi utakuta picha za matumbo zimebandikwa ukutani, kushoto tumbo nene, kulia tumbo bapa, na ukizitazama kwa makini utaona kitovu si cha mtu mmoja. Ningegeuka hapo hapo nikarudi nyumbani, ningekuwa mtu mwenye raha leo. Lakini ndani ni pasafi, feni inazunguka, kuna kiti, na binti wa kaunta ni mtoto mwenye adabu kweli, alinipa maji ya kunywa kabla sijasema nimefuata nini. Nilikuwa nimefuata kahawa aliyokuwa akitumia wifi yangu wa Nyalenda. Nikaonyeshwa, nikalipa kwa M-Pesa, nikashuka.

Hakuna aliyeniuliza kama nina ugonjwa wowote. Hata msusi kabla ya kukupaka dawa ya nywele atakuuliza kama una kidonda kichwani. Hapa ni kitu cha kumeza, na swali hakuna.

Sasa nieleze ilivyofanya kazi, maana hapo ndipo penyewe. Njaa haikupungua. Ilikatika. Mume wangu alileta samaki wa kukaanga, ngege mkubwa, na kuon, ugali wetu, imetoka jikoni ikifuka moshi, nami nikakaa naitazama sahani kama ni ya mgeni. Sijawahi kuwa hivyo tangu nizaliwe. Wiki ya kwanza nilifurahi sana, nilimpigia wifi simu kumshukuru. Halafu mdomo ukaanza kukauka, nakunywa maji haukati kiu. Usiku macho yako darini, nasikia kila bodaboda inayopita. Na moyo. Nimekaa tu nakunja nguo, moyo unanienda mbio kama nimekimbizwa.

Mimi ni mtu wa presha, nameza kidonge kila asubuhi. Nilipokwenda kliniki kwa ile miadi ya kawaida, nesi alinipima mkono wa kushoto, akanyamaza, akapima wa kulia. Akaniambia nipumzike kidogo, akarudia tena. Kisha: "Mama, umeanza kutumia kitu gani?" Nikamwambia kahawa tu, ya mitishamba. Akasema niiache siku hiyo hiyo, na nikaangalie kopo limeandikwa nini.

Kopo lenyewe. Pale upande wa nyuma ambapo viungo huandikwa, duka limebandika stika yao, kubwa, ya pinki, ina jina la duka, namba ya till na maneno "asilia asilimia mia". Inafunika kila kitu. Nilianza kuikwangua kwa ukucha pembeni, taratibu, ikakubali kidogo, halafu ikang'oka na karatasi ya chini yake. Nikabaki na bati tupu lenye gundi na vipande vya herufi za Kichina. Alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, sikuiona popote. Mnajua alama ile huwa na namba, na namba hiyo mtu anaweza kuituma kwa ujumbe kwenda 20023 akajua kama ni ya kweli. Mimi sikuwa na cha kutuma.

Nikasema basi, nitarudi dukani nisome kwenye kopo zima. Haja yangu ilikuwa hiyo tu. Sikwenda kugombana. Nilivaa vizuri hata.

Yule binti alikuwepo, lakini siku hiyo alikuwepo pia kijana mwingine, sijui ni meneja sijui ndiye mwenye duka, amevaa koti jeupe la kidaktari. Daktari si daktari, sijui. Nikatoa kopo kwenye rafu. Stika. La pili, stika. Yote yana stika, mahali pale pale. Nikaanza kuinua ncha ya moja kwa kidole.

"Madam, hiyo ukiibandua umenunua."

"Kijana wangu, ninayo nyingine nyumbani. Nataka tu kujua ndani kuna nini."

"Ndani kuna mitishamba."

"Mitishamba gani?"

Walikuwepo wateja wawili, wasichana wadogo. Akawageukia hao, si mimi, akauliza kwa sauti: "Mathe, wewe unataka kukonda ama unataka kusoma?"

Wakacheka. Mimi ni mwalimu. Nimefundisha watoto wa watu kusoma miaka mingi kuliko umri wa yule kijana.

Nikajikaza. Nikamweleza kwamba nina presha na moyo unanienda mbio. Sikilizeni jibu: "Hayo ni mafuta yanayeyuka, ni dalili nzuri. Ongeza na chai yetu ya kusafisha tumbo, itatulia." Akaishika kabisa pakiti ya chai, akaiweka kwenye mfuko, anataka kuniuzia! Nilipomuuliza kwa nini sikuulizwa kuhusu presha siku ya kwanza, akasema, "Kama una presha si ungesema." Nikadai pesa zangu. Bidhaa ikifunguliwa hairudishwi. Risiti iko wapi? Nikamwonyesha ujumbe wa M-Pesa. Akasoma, akasema jina hilo si la duka. Na kweli, till yao inatoa jina la mtu binafsi. Kwa hiyo kwa mujibu wake mimi nilimpa mtu fulani pesa huko mjini kwa hiari yangu, na kahawa ikanifuata nyumbani yenyewe.

Nilishuka zile ngazi natetemeka. Nikaenda moja kwa moja kwa kemisti ninakonunua dawa zangu, kuna mfamasia pale, dada mpole, huongea huku anahesabu vidonge vya watu na hakosei. Alilipokea kopo, akalinusa, akaligeuza. Aliniambia wazi kwamba kwa macho hawezi kujua kilichomo, hilo ni la maabara. Lakini akaniuliza: njaa ilikatika ghafla? Mdomo mkavu? Usingizi hakuna? Presha imepanda? Nikaitikia yote. Akanitajia kitu kinachoitwa sibutramini.

Kumbe ilikuwa dawa halali kabisa ya kupunguza uzito, inauzwa kwa jina na kwa cheti cha daktari. Halafu ukafanywa utafiti wa watu karibu 10,000, wengi wao wenye maradhi ya moyo au kisukari, ikaonekana waliotumia walipata mshtuko wa moyo na kiharusi zaidi ya wenzao. Mwaka 2010 ikaondolewa sokoni Ulaya na Marekani. Lakini haikufa. Mamlaka za dawa nchi mbalimbali zimekuwa zikiikuta ndani ya kahawa, chai na kapsuli zinazouzwa kama mitishamba mitupu, bila kuandikwa. Anayeitia haweki kipimo. Kopo moja laweza kuwa na kidogo na lingine likawa na nyingi. Akasema kahawa ya kawaida inaweza kukunyima usingizi, sawa, lakini haimfanyi mtu wa Kisumu amtazame ngege asimtamani.

Kama ndani ya kopo langu ilikuwemo, siwezi kusema, na sitasema. Ndiyo maana nilikuwa nauliza!

Kuhusu ile chai aliyotaka kuniongezea yule kijana, dada alicheka kwa huzuni. Nyingi ya hizo ni sanamaki, ile ile ya kufungua choo. Unaharisha, unapoteza maji, mizani inashuka, unashangilia, unakunywa maji na kilo zinarudi. Mafuta hayajaguswa. Na pamoja na maji inaondoka potasiamu, ambayo moyo unaihitaji ili upige sawasawa. Baadhi yetu wa presha tayari tunameza vidonge vya kukojoza ambavyo navyo vinaitoa. Sasa mtu aambiwe moyo unamwenda mbio, naye amwongezee hiyo. Kwa tabasamu.

Niwe mwadilifu lakini. Si kila kilichoko kwenye rafu za duka lile ni cha hatari. Wana unga wa mzizi wa konjac, na dada alisema huo una ukweli fulani: ni nyuzinyuzi, unavimba tumboni ukajisikia umeshiba. Ulaya wamekubali isemwe unasaidia, ukila gramu 3 kwa siku zikigawanywa kabla ya milo, kwa maji glasi moja au mbili kila mara, na chakula chenyewe ukipunguze. Bila maji unaweza kukukwama kooni. Wana pia kapsuli za majani ya chai ya kijani, na hizo nilikuwa nadhani haziwezi kumdhuru mtu, chai si chai? Kumbe ikikolezwa sana inaweza kuumiza ini. Hayo yote angeweza kunieleza mtu wa koti jeupe kwa dakika tano, ningenunua ule unga, ningemsifu hapa, mngenisoma nikiwapeleka wateja.

Dada alinitajia na orlistati, ambayo ni dawa yenye utafiti nyuma yake na inauzwa kwa wafamasia. Inazuia karibu robo ya mafuta unayokula yasiingie mwilini. Nikauliza yanakwenda wapi. Akanitazama. Yanatoka, mama, na mara nyingine hayabishi hodi. Kwa hiyo ukiimeza halafu ukaenda kwenye vibanda vya samaki kando ya ziwa ukajipakulia samaki anayeogelea kwenye mafuta, vaa nguo nyeusi na usikae mbali na choo. Hata hiyo akasema tumwone daktari kwanza kwa sababu ya dawa zangu nyingine. Sikuichukua. Mtu ana heshima zake darasani.

Basi nikadhani nimemaliza. Siku kadhaa baadaye simu ikalia, ujumbe wa picha. Ni yule binti wa kaunta. Namba yangu aliitoa kwenye daftari la wateja. Alikuwa amepiga picha boksi kubwa linalokuja na makopo kabla hayajabandikwa stika, upande wa viungo, kwa Kichina na Kiingereza. Akaandika: "Pole mama kwa siku ile. Tafadhali usiseme ni mimi." (Sijasema ni wewe, kuna mabinti wengi.)

Nikakaa, nikavaa miwani, nikasoma. Kahawa. Majani ya yungiyungi. Chai ya kijani. Hakuna kingine. Lebo yenyewe haina kosa hata moja!

Hapo nikasitasita. Nikasema labda nimewaonea, labda ni mwili wangu, labda ni kahawa kweli na mimi na presha yangu ndio hatuelewani. Nilikuwa nimeandika nyota mbili nikafikiria kuzifanya tatu. Nikampelekea dada wa kemisti ile picha. Akajibu kwa mstari mmoja: sibutramini huwa haiandikwi kamwe, ndiyo biashara yenyewe.

Nikakasirika upya, mara mbili ya mwanzo. Kwa sababu stika ile ilikuwa inaficha orodha ya majani ya chai. Yule kijana angeniruhusu nisome, ningesoma, ningetosheka, ningeendelea kunywa. Alinidhalilisha mbele ya watoto wadogo kwa kulinda karatasi ambayo haimdhuru. Ujeuri mtupu, hauna hata faida kwake. Na ajabu ni kwamba ujeuri wake huo ndio ulionifikisha kwa mfamasia. Nimshukuru? Simshukuru.

Presha imeshuka, nesi ameridhika, dada wa kemisti ameandika ripoti kwa Bodi ya Famasia na Sumu. Kilo baadhi zimerudi, sitawadanganya, na pini imerudi kazini. Wifi yangu bado anakunywa. Yeye hana presha, amependeza, na tukikutana anaficha kikombe. Nimemwambia nilivyoambiwa, akaniuliza kwani sasa nimenenepa nataka na yeye anenepe. Tumenuniana.

Jana duka limenitumia ujumbe: pesa hazirudi, ila "kwa kunithamini" watanipa pakiti moja ya chai ya kusafisha tumbo bure, nikaichukue wakati wowote kabla ya saa kumi na moja.

Nyota moja. Na hiyo moja si yao, ni ya yule binti. Mwanangu, ukisoma hapa, hapo si pako. Tafuta kwingine, na wakitaka mtu wa kukushuhudia wape namba yangu, unayo.