Gasketi ya hedi ya Peugeot 504: pima tundu kwanza, mambo ya jina la gari baadaye

Hedi, kile kichwa kinachofunika silinda za injini, ya ile Peugeot 504 ya marehemu baba nimeifungua mara mbili ndani ya miezi miwili, na hiyo mara ya pili ni kwa ujinga wa gasketi, ile shiti nyembamba inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini, niliyoinunua mwenyewe, kwa pesa yangu, na muuzaji nikamwambia asante. Kwa hivo leo siwaambii mchague gasketi nzima isiyokunjika, hilo hata mtoto wa madrasa anajua. Nataka tuongee kitu kimoja tu ambacho hakuna muuzaji aliyewahi kuniuliza: tundu la silinda lina upana wa milimita ngapi?

Kisa chenyewe ni hivi. Gari ni stesheni wagoni, zile zilizokuwa zikiunganishwa hapa hapa Mombasa halafu zikabeba abiria wa safari ndefu, watu safu tatu na mizigo juu. Logbuku inasema 1796 cc. Ikaanza kuchemka kila nikipanda mlima wa Mazeras, siku moja nikafungua kifuniko cha oili nikakuta chai ya maziwa, yaani maji yameingia kwa oili. Fundi akasema hedi gasketi hiyo, nenda kalete. Nikaenda dukani, muuzaji kaninyooshea boksi kabla sijamaliza sentensi, "504 ni 504 mama, zote moja." Tukafunga, gari ikawaka, nikatamba nayo wiki tatu. Kisha ikaanza kugonga mlimani, halafu jambo lililonitisha zaidi, nazima suichi na injini inaendelea kujitikisa tu, kama mgeni aliyeaga na bado amekaa.

Tulipofungua tena, pete ya chuma ya gasketi, ile inayozunguka tundu la silinda, ilikuwa imetokeza ndani ya silinda, unaiona kwa macho. Kingo zimeungua kama chapati iliyosahaulika kwa tawa, na silinda ya tatu kipande kama ukucha kimekatika kabisa, kimeenda wapi Mungu ndiye ajuaye. Fundi akachukua kalipa, kile kifaa cha kupimia upana kwa milimita. Slivu, lile bomba la chuma ambalo pistoni inapanda na kushuka ndani yake, ni 88. Gasketi ni ya 84.

Sasa sikilizeni, manake hapa ndipo watu wanapoibiwa bila hata mwizi kujua anaiba. Injini ya petroli ya 1.8 (ndiyo hiyo 1796 cc), ile XM7, tundu lake ni milimita 84. Ya 2.0, XN1, ni 88. Mwendo wa pistoni ni ule ule 81 kwa zote mbili, ni ukoo mmoja, kwa hivo gasketi ya mdogo ukiiweka kwa mkubwa inalala vizuri tu, bolti zinaingia, fundi anakaza, hakuna anayeshtuka. Lakini pete imening'inia ndani ya moto zaidi ya milimita moja kila upande, haijabanwa na kitu, haina pa kupeleka joto, inawaka nyekundu na kuwasha petroli kabla plagi haijasema neno. Ndiyo ile kugonga, ndiyo ile kukataa kuzimika. Na logbuku? Gari hizi ni za zamani, injini zimehama kutoka pickup kwenda saluni kwenda stesheni, na hakuna aliyejisumbua kuandikisha. Yangu mtu alitia 2.0 zamani na karatasi ikabaki 1.8.

Kwa hivo usinunue kabla ya kufungua. Najua unataka spea iwe tayari fundi akifika, hata mimi, lakini ngoja. Fungua, safisha juu ya slivu, weka kalipa pale juu kabisa ambapo pete za pistoni hazifiki, andika namba kwa kiganja ukitaka. Halafu beba hiyo kalipa mpaka kaunta ya duka na upime tundu la gasketi. Liwe kubwa kidogo kuliko tundu la slivu, kamwe lisiwe dogo. Ukikuta kubwa sana pia iache, ina maana pete haitakaa pale inapotakiwa kubana.

Haya, za kununua. Mimi ni mtu wa gasketi za Victor Reinz na sifichi, wanaotaka mwandishi asiye na upande wamtafute kwingine. Ndiyo niliyofunga mara ya mwisho na ndiyo iliyomo mpaka leo. Pete yake imekunjwa sawasawa pande zote, ukipitisha kidole husikii mahali paliponyanyuka, na ilifika imelazwa juu ya kadibodi ngumu, si kuviringishwa kama gazeti la kufungia karanga. Ya pili naweka Elring, Wajerumani vilevile, na kwa kweli tofauti ni ndogo, nikikosa ya kwanza sitalia. Ajusa ya Uhispania jirani yangu amefunga kwa pickup na anatembea, sina neno baya.

Halafu kuna zile za zamani, stoki iliyolala dukani toka enzi hizo, boksi limefifia na nembo ya simba ya Peugeot. Watu wanazililia sana eti ndio orijino. Orijino ya lini? Gasketi iliyokaa miaka thelathini juu ya rafu ya bati kwa joto la Mombasa imekauka, na nyingi za zamani zilikuwa na asbestosi, kitu ambacho Ufaransa kwenyewe ilipiga marufuku 1997. Hata ile unayoitoa kwa injini usiikwangue kavu wala kuipiga brashi ya mashine, iloweshe kwanza.

Zile za bei ya chini zisizo na jina: usinunue. Nimemaliza.

Kufunga sasa. Ukiwa na gasketi ya dhahabu na fundi mwenye haraka ni bure, manake 504 ina slivu za maji, yaani slivu imesimama ndani ya maji na chini imekalia pete nyembamba tu. Hedi ikigoma kutoka usiivute juu moja kwa moja, itapanda na slivu. Itingishe kwa kuilaza upande kwanza iachie. Na ikishatoka, mtu asizungushe kranki, ile shafti inayopandisha pistoni, mpaka slivu zibanwe na washa na bolti, kwa sababu pistoni ikipanda inainua slivu, pete ya chini inaharibika, maji yanashuka kwa oili, na wewe utalaumu gasketi mpya wakati haina kosa. Mimi nilimkuta kijana wa gereji anazungusha kwa spana "kuona pistoni ziko wapi." Nilipiga kelele mpaka wauza mahamri wakageuka.

Slivu pia lazima ichomoze juu ya bloku kwa kiasi kilichoandikwa kwa kitabu cha gari, ni mia za milimita, na zote nne zilingane. Hapo ni saa ya kupimia (dial geji) na subira, jicho halifai. Hedi ni alumini, weka rula ya chuma na fila geji (vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi) kona kwa kona uone kama imepinda. Na wenzangu wa pwani, angalieni mashimo ya maji. Tunatia rejeta maji ya kisima yenye chumvi halafu tunashangaa, yangu ilikuwa imeliwa kuzunguka mashimo kama jino bovu, na hapo hakuna gasketi duniani itakayoziba, mpaka ijazwe kwa kuchomelea na kuskimiwa, yaani kusawazishwa uso kwa mashine. Saa hii natia koolanti tu.

Silikoni usipake. Matundu ya bolti kwenye bloku yakaushe, oili ikibaki chini bolti itakudanganya imekaza. Anza katikati ukielekea nje, kwa hatua, na spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, si mkono wa fundi wa miaka ishirini. Injini ikishawaka na kupoa rudia kukaza kama kitabu kinavyosema, ila kama karatasi ya gasketi imesema hairudiwi, halafu ndio urekebishe tapeti, ile nafasi ya vali.

(Kuna mzee kila nikitaja haya huniambia 504 haiharibiki, ilishinda Safari Rally 1975 na 1978. Kweli mzee, lakini ile ya 1978 ilikuwa coupe ya V6, injini nyingine kabisa, na sidhani walitia maji ya kisima.)

Ila wauzaji, jamani. Asubuhi nimeuliza kwa simu naambiwa elfu nne, nimefika mchana imekuwa elfu sita na nusu, "dola imepanda." Kati ya saa nne na saa nane? Mwingine akaniambia niende nikamlete mzee waongee mambo ya injini. Mzee amekufa bwana, gari ni yangu, nipe hilo boksi nipime.

Nikarudi pia kwa yule wa kwanza, sikwenda kugombana, nilienda na kalipa. Nikaomba anishushie kila gasketi ya 504 aliyonayo. Zilikuwa tatu, boksi zote zimeandikwa 504 kwa makapeni. Mbili za 84, moja ya 88. Akaangalia, akaazima kalipa yangu akapima tena mwenyewe, kisha akachukua makapeni.